Nguvu za kiume zikipungua, pima sukari na presha kwanza

Upungufu wa nguvu za kiume ni pale uume unaposhindwa kusimama, au unasimama lakini unalegea kabla ya tendo la ndoa kuisha. Ikitokea siku moja umechoka au umekunywa sana, usihofu. Ikijirudia kwa miezi 3 hivi, nenda hospitali.

Wagonjwa wangapi wanayo?

Utafiti uliofanyika kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014, uliwahusisha wanaume 312. Asilimia 55.1 walikuwa na tatizo hili, wengine kidogo, wengine kwa kiwango kikubwa. Kumbuka hao wote ni wagonjwa wa kisukari, hivyo usiichukue namba hiyo kama ya wanaume wote mtaani.

Inasababishwa na nini?

Uume husimama kwa kujaa damu, na amri hutoka kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu. Chochote kinachoharibu njia hizo huleta shida:

- Kisukari: huharibu mishipa ya damu na ya fahamu kwa pamoja.
- Presha, mafuta mengi kwenye damu na sigara: hubana mishipa ya damu.
- Pombe nyingi, ya muda mrefu.
- Baadhi ya dawa, zikiwemo za presha na za sonona. Usiziache mwenyewe, mwambie daktari akubadilishie.
- Upasuaji wa tezi dume, au kuumia uti wa mgongo.
- Msongo wa mawazo, madeni, ugomvi nyumbani.

Dalili moja ya kuangalia: kama asubuhi uume bado unasimama wenyewe, huenda chanzo ni mawazo zaidi kuliko mishipa.

Kwa nini usikae kimya?

Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huziba mapema. Tatizo la chumbani linaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Ni kengele, ukiisikia mapema unaokoa mengi.

Kwa mvuvi wa Rukuba, kisiwa kilichoko Ziwa Victoria upande wa Musoma, kwenda hospitali ya mkoa ni boti, nauli na siku nzima bila kuvua. Ndiyo maana unga au kidonge cha kununua kwa jamaa mwaloni kinaonekana rahisi. Lakini hata kikikusimamisha usiku huo, sukari inabaki palepale, inaendelea kula macho, figo na miguu.

Kuna hatari nyingine. Sildenafil, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na inayojulikana zaidi kama Viagra, inasaidia wengi ikiandikwa na daktari. Ukiichanganya na dawa za moyo za kundi la naitreti, presha inaweza kushuka ghafla na kukuua. Unga usio na lebo haukuambii umechanganywa na nini.

Uanzie wapi?

Anza kwenye zahanati iliyo karibu. Omba upimwe presha na sukari, taja dawa zote unazotumia, na sema tatizo lako waziwazi. Wahudumu wanalisikia mara nyingi. Kama una mwenza, mshirikishe. Punguza pombe, acha sigara, fanya mazoezi. Ukitumwa hospitali kubwa, panda boti uende.