Santuri za Cibitoke na maji ya Tanganyika

Kiangazi cha Bujumbura huanza Juni, na kikishaanza hakuna mlango wa Cibitoke unaozuia vumbi. Nazungumzia Cibitoke ya mjini, jirani na Ngagara, si ule uliokuwa mkoa wa mpakani wenye jina hilohilo. Anayefungua sanduku la santuri za wazee msimu huo hukutana na swali moja: nizioshe na nini? Jibu limebadilika mara kadhaa ndani ya karne moja, na santuri nyingi zimeharibiwa na jibu lililokuwa sahihi kwa santuri za aina nyingine.

Santuri za zamani zaidi, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilikuwa nzito na zikianguka huvunjika. Siti binti Saad alirekodi za namna hiyo Bombay mwaka 1928, na kampuni ya Ngoma ilianza nazo Léopoldville mwaka 1948. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu wa India, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Seremala anaijua shelaki vizuri: huiyeyusha katika spiriti ili apate vanishi. Basi anayepangusa santuri ya 78 kwa spiriti, au kwa kanyanga kwa kuwa spiriti imepanda bei, hasafishi kitu. Anayeyusha uso wa santuri, na muziki unabaki kwenye kitambaa. Hata maji matupu yana kiasi chake, maana ukiiloweka, unga ule hunyonya maji na kuvimba.

Mwaka huohuo wa 1948 Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya vinyl ya mizunguko 33 na theluthi, na mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ile ndogo ya 45, ambayo baadaye ilibeba rumba ya Kongo hadi kwenye baa za kanda hii yote. Vinyl haivunjiki ovyo, na maji hayaidhuru. Ila ina tabia mbili mbaya. Ukiisugua hupata umeme tuli na kulivuta vumbi lote la chumbani. Tena mfereji wake ni mwembamba mno, unakaribia unene wa unywele mmoja. Punje ya mchanga ambayo sindano ya chuma ya zamani ingeisaga bila habari, hapa hupiga mlio kila santuri inapozunguka.

Hapo ndipo biashara ya vichupa vya dawa ya santuri ilipoanza. Mwingereza Cecil Watts aliuza katika miaka ya 1950 kifaa alichokiita Dust Bug, mkono mwembamba wenye burashi uliotangulia sindano, ukiloweshwa tone la dawa ya kuzuia umeme tuli. Baadaye Percy Wilson, aliyekuwa mhariri wa ufundi wa jarida la The Gramophone, alibuni mashine ya kuosha santuri kwa maji na kuyanyonya papo hapo. Keith Monks akaitengeneza kwa ajili ya biashara mwaka 1969, na BBC ikawa miongoni mwa walioitumia. Kwa maoni yangu wazo la kunyonya ndilo lililokuwa kubwa kuliko dawa yoyote, kwa sababu uchafu ulioyeyushwa kisha ukaachwa ukauke umehamishwa tu, haujaondoka.

Maktaba zilikwenda polepole zaidi. Mwaka 1959 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti wa Pickett na Lemcoe kuhusu uhifadhi wa sauti, ulioonyesha kwamba vinyl hudumu kuliko shelaki. Watunza kumbukumbu wakaja kushikilia mchanganyiko wa kawaida kabisa: maji yaliyokenekwa na sabuni kidogo sana ya maabara isiyo na manukato. Wauzaji wengi wa vichupa huongeza alkoholi ili dawa ikauke upesi. Wahifadhi wengi hawaitaki, nami siioni haja yake.

Hayo yanatuhusu nini Burundi? Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi hapa muziki wa jadi, na lebo ya Ocora ya Ufaransa ikautoa kwenye santuri. Ngoma zake zilisikika Uingereza mwaka 1971 katika wimbo ulioitwa Burundi Black, na mwaka 1975 Joni Mitchell akaziweka katika The Jungle Line. Ngoma hufunika kelele za vumbi. Lakini santuri hiyohiyo ina mwimbaji wa inanga, ala ya nyuzi, anayenong'ona, na mnong'ono haufuniki chochote. Weka sindano hapo, utajua kama umeosha au umepaka matope.

Tatizo la Bujumbura limo bombani. Kwa sehemu kubwa maji ya REGIDESO, shirika la maji, hutoka Ziwa Tanganyika, ambalo hupokea kupitia mto Rusizi chumvi za volkano za Kivu na lina magnesi nyingi. Dondosha tone moja juu ya kioo, uliache likauke: linaacha duara jeupe. Duara hilo likikaukia ndani ya mfereji, huwa ni unga mwingine wa kukwaruza, umeuleta mwenyewe.

Kwa vinyl, basi, tafuta maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri ya gari. Hakikisha si asidi, maana wauzaji wengine huziita zote mbili maji ya betri. Tia tone la sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala harufu, fuata mzunguko wa mifereji kwa kitambaa laini, usiloweshe karatasi ya katikati, kisha suuza mara mbili kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni. Simamisha santuri ikauke kivulini, kwani jua la tambarare hii ya Imbo huipinda. Ya 78 ipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa na uikaushe mara moja. Na akija mtu kukuuzia kichupa cha dawa ya santuri, muulize kina nini ndani. Asipojua, mrudishie.