Risasi ndani ya rangi: sheria inamlinda vipi fundi?

Fundi anayekwangua rangi ya zamani kwenye mlango wa shule haoni cha kuogopa. Vumbi halinuki na haliunguzi ngozi. Analipuliza kwa mdomo ili aone mbao, anajifuta jasho kwa mkono, kisha anakaa chini kula chapati kwa mkono uleule. Kama rangi ile ilikuwa na madini ya risasi, ameshaila na kuivuta.

Madini haya ndiyo yanayotengenezea risasi za bunduki. Ni mazito na laini, na kwa karne nyingi yalisagwa na kutiwa kwenye rangi. Aina iliyotumika zaidi kwenye nyumba iliitwa risasi nyeupe. Ilipendwa kwa sababu inafunika vizuri na inavumilia mvua. Aina nyingine hutoa rangi ya njano na ya machungwa inayong'aa, na nyingine nyekundu hupakwa kwenye chuma kuzuia kutu.

Risasi haina kazi yoyote mwilini. Ikiingia kupitia mdomo au pumzi, damu huisambaza na sehemu kubwa huhifadhiwa kwenye mifupa, ambako hukaa miaka mingi sana. Mgonjwa huumwa tumbo la kusokota, hukosa choo, huishiwa damu, kichwa humuuma na hukasirika ovyo. Ikizidi, viganja hulegea hata mtu akashindwa kunyanyua mkono ulioshika brashi. Shinikizo la damu hupanda na figo huharibika. Mama mjamzito aliyewahi kuingiwa na risasi anaweza kumpa mtoto tumboni ile iliyotoka kwenye mifupa yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mkataba wa 1921

Ugonjwa wa wapaka rangi ulijulikana Ulaya muda mrefu kabla ya kuwapo sheria. Ufaransa ilipitisha sheria ya kuzuia risasi nyeupe kwenye upakaji wa majengo mwaka 1909. Hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba nchi moja ikipiga marufuku peke yake, wafanyabiashara wake wataumia huku jirani akiendelea kuuza. Kwa hiyo suala likapelekwa Shirika la Kazi Duniani (ILO), chombo kilichokuwa na umri wa miaka miwili tu, ambamo serikali, waajiri na wafanyakazi hukaa meza moja.

Mkutano ulifanyika Geneva, Uswisi, mwaka 1921. Upande mmoja ulitaka marufuku kamili, mwingine ukataka kanuni za usafi tu. Kilichotoka ni mapatano ya katikati, Mkataba namba 13, ulioanza kutumika mwaka 1923. Ulikataza risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo, lakini ukaacha mianya. Stesheni za reli na viwanda viliweza kuruhusiwa pale serikali ilipoona ni lazima, baada ya kuwasikiliza waajiri na wafanyakazi. Kupaka nje ya nyumba hakukukatazwa. Rangi ambayo unga wake una risasi isiyozidi asilimia 2 iliruhusiwa. Na nchi zilipewa miaka sita kabla marufuku yenyewe haijaanza.

Wanawake wote, na wanaume walio chini ya miaka 18, walizuiwa kufanya kazi za viwandani za kupaka rangi yenye risasi nyeupe, isipokuwa vijana wanaojifunza ufundi chini ya utaratibu maalumu. Hapa mkataba unasomeka vibaya leo. Badala ya kuondoa sumu kazini, ulimwondoa mwanamke kazini na kumwacha mwanamume na sumu, ilhali risasi huharibu hata uwezo wa mwanamume kupata watoto.

Sehemu iliyozeeka vizuri zaidi ni ile ya kanuni za kila siku, ambayo wengi huiruka. Ilitaka risasi nyeupe isiletwe kazini ikiwa unga mkavu, bali ikiwa imeshakandwa au imeshakuwa rangi tayari kupakwa. Ilitaka hatua za kuzuia vumbi la kukwangua na kupiga msasa pakavu, na za kuzuia hatari ya kupuliza rangi kwa mashine. Mafundi wapate mahali pa kunawa wakati wa kazi na baada ya kazi. Wavae ovaroli muda wote wa kazi, na nguo zao za nyumbani ziwekwe mahali zisipochafuka. Kila anayeshukiwa kuugua aripotiwe na athibitishwe na daktari.

Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar wakati huo zilikuwa chini ya Uingereza, na Uingereza haikuridhia mkataba huu. Ilitunga sheria yake mwaka 1926 iliyochagua njia ya kanuni kuliko marufuku.

Sheria za leo

Siku hizi mkazo umehamia kiwandani, kabla kopo halijafika dukani. WHO na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) wanapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi iliyokauka. Kenya ina kiwango hichohicho. Ile asilimia 2 ya mwaka 1921 ni sawa na sehemu 20,000 katika milioni. Vipimo hivi viwili havifanani kabisa, maana cha zamani kilipima unga peke yake, lakini pengo unaliona.

Upande wa kazi, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali unaojulikana kama OSHA. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, chini ya idara inayoitwa DOSHS. Zote mbili zinaweka mzigo kwa mwajiri: yeye ndiye anayepaswa kutambua hatari, kutoa vifaa vya kujikinga na kuwaeleza wafanyakazi kuhusu kemikali wanazozishika. Magonjwa yanayotokana na kazi nayo yana sheria za fidia, na Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Tatizo ni kwamba fundi rangi wengi hawana mwajiri wa kueleweka. Mtu ameitwa kwa simu, amepatana bei ya chumba na mwenye nyumba, anaondoka jioni. Mkaguzi hafiki hapo. Lakini kazi ya shule, zahanati au ofisi ya kata mara nyingi ina mkandarasi mwenye mkataba, na huyo sheria inamfikia. Hapo fundi ana haki ya kuuliza ovaroli, barakoa na maji ya kunawa viko wapi, hata kama amechukuliwa kwa siku tatu.

Ukiwa kazini

Rangi za maji za ukutani kwa kawaida si tatizo kubwa. Risasi hupatikana zaidi kwenye rangi za mafuta za milango, madirisha, mageti na vyuma, hasa zile za njano, machungwa na nyekundu zinazong'aa. Kwa macho huwezi kuitambua, hivyo rangi yoyote ya mafuta ya zamani ichukulie kuwa inayo. Ilowanishe kwa maji kabla ya kukwangua au kupiga msasa. Usiichome kwa moto, kwani joto kali hutoa moshi wa risasi unaoingia moja kwa moja kwenye mapafu. Zoa mabaki yakiwa mabichi, na usiyatupe bustanini au pale kuku wanapochakura. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini. Barakoa ya chujio inazuia zaidi.

Nawa kwa sabuni na maji kabla ya kula au kuvuta sigara. Petroli na thina huondoa rangi mkononi lakini nazo hupenya ngozi. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kumpakata mtoto na zifuliwe peke yake. Tumbo la mtoto hunyonya risasi kwa wingi kuliko la mtu mzima, na ubongo wake ndio unaumia.

Na yale maziwa? Mafundi wengi huamini bilauri ya maziwa jioni huosha sumu. Haiwezi kuitoa risasi iliyokwisha kuingia. Ukweli mdogo uliomo ni kwamba mtu mwenye njaa, au aliyepungukiwa na madini ya chuma na kalsiamu, hunyonya risasi zaidi. Kwa hiyo kula vizuri kabla ya kazi kuna faida, lakini hakuchukui nafasi ya kunawa.

Dalili za risasi hufanana na malaria, taifodi au vidonda vya tumbo, na mtu anaweza kutibiwa hayo miezi mingi. Ukienda zahanati, mwambie daktari unapaka rangi na umeifanya kazi hiyo kwa muda gani, kisha uulize kipimo cha risasi katika damu kinapatikana hospitali gani.