Kabla hujang'oa Subaru Mama Ngina

Wana, acha nianze na kukiri. Ile video yangu ya sekunde 14, Forester nyeusi inang'oka pale Mama Ngina na watu wanapiga nduru, mwisho wake niliukata. Baada ya hapo kulitoka mlio kama mtu kaangusha sufuria ya misumari ndani ya gari, tukabaki tumeganda mbele ya mama wa mihogo. Akanitazama, akauliza, "Mwanangu, imekufa?"

Imekufa, mama.

Gari yenyewe ni ya mjomba. Anabebea abiria wa uwanja wa ndege, ndio inalisha wanawe. Mimi nilishaacha chuo, sina mshahara, nina simu tu na wafuasi. Sasa nikampigia. Alikuja na bodaboda, akafungua boneti, akafunga, akakaa kwa ule ukuta wa baharini. Nilingoja matusi. Badala yake akaniuliza, "Unajua hizi gari zilikuja Kenya kufanya nini?"

Sikujua. Na nina uhakika wengi wenu mnaobandika stika za Safari Rally kwa kioo hamjui pia.

Kwanza, kwa nini iliharibika. Tabo inazungushwa na moshi wa injini. Ukiwa umesimama injini haina mzigo, moshi ni mdogo, kwa hivyo tabo haina pumzi. Ndo maana watu wanapandisha mizunguko mpaka elfu nne, elfu tano, alafu wanaachilia klachi ghafla. Gari ya kusukumwa na taya za nyuma ukiifanyia hivyo, taya zinateleza tu, unaacha moshi na aibu. Lakini ikiwa taya zote nne zinavuta, na lami ni kavu, hakuna kinachoteleza. Ile nguvu lazima iende mahali. Inaenda kwa klachi, na klachi ikishika vizuri inaenda kwa meno ya gia. Yangu ilienda kwa meno ya gia.

Hilo tatizo, mjomba anasema, wazungu walilijua hapa hapa kwetu. Safari ilianza 1953, na kuna miaka ilikuwa inateremka mpaka Mombasa. Yeye akiwa mdogo alisimama na babake kando ya njia ya Voi kuziangalia. Audi Quattro, tabo na fowili, ilionyeshwa kwa dunia 1980 na ikaanza kuwanyanyasa watu Ulaya. Ikaja Safari. 1983 Hannu Mikkola akawa wa pili na Michèle Mouton wa tatu, wote kwa Quattro. Mshindi? Ari Vatanen na Opel Ascona 400, taya za nyuma, haina hata tabo.

Alafu 1984, 1985 na 1986, ule wakati wa yale majinamizi ya Grupu B, Safari ikachukuliwa mara tatu mfululizo na Toyota Celica. Tabo ilikuwa nayo, ndio, lakini taya za nyuma tu. Hakuna hata gari moja ya fowili ya Grupu B iliyowahi kushinda Safari. Hebu soma hiyo tena. Huku mawe, matope, vumbi na maelfu ya kilomita vilikuwa vinauliza swali lingine kabisa, si nani ametoka mbele kwa taa.

Fowili yenye tabo ilishinda mara ya kwanza 1987, na ilikuwa Audi 200, ligari refu la kubeba waziri, Mikkola tena kwa usukani. Kuanzia hapo mpaka 2002, Safari ilipotoka kwa ubingwa wa dunia, hazikushindwa tena: Lancia, Celica, Mitsubishi, Subaru, Ford. Colin McRae aliipa Subaru ushindi wake wa kwanza wa Safari 1997 na Impreza.

Lakini ninayempenda mimi ni Patrick Njiru. 1993 Subaru walileta Vivio, kigari cha injini ya cc 660, ndogo kuliko za pikipiki nyingine. McRae alipewa moja, hakumaliza. Njiru, Mkenya, alimaliza wa 12. Mwaka uliofuata akapewa Impreza, akawa wa nne, na mshindi wa mwaka huo alikuwa Mkenya mwingine, Ian Duncan, na Celica. Kwani kwa nini jina la Njiru siku hizi silisikii kwa hizi mikutano yetu ya magari? Kila mtu ananitajia sinema za Marekani.

Na ile pa-pa-pa ya ekzosi mnayolipia mafundi? Kwa rali ina kazi. Mafuta yanawakia kwa bomba ili tabo iendelee kuzunguka dereva akiachilia. Yako inaamsha watoto wa Kizingo tu.

Tulikaa pale tukingoja gari ya kuvuta, na meli ya magari ikapita mbele yetu ikiingia Kilindini, lile boksi refu lisilo na madirisha. Mjomba akasema hata hiyo yake ilipita hapo hapo, imetoka Japani. Imezunguka nusu ya dunia ikafika nzima, mimi nikaivunja hatua ishirini kutoka ilipopita.

Giaboksi ya mtumba ilikula elfu sabini. Niliuza laptopu, na bado ananidai ishirini. Kwa wiki mbili abiria wake walichukuliwa na wengine, wawili hawajarudi mpaka leo.

Juzi nilimuomba funguo niende kununua mkate. Akaniambia duka liko karibu, niende kwa miguu.