Mwenge wa 1959 na deni lililolipwa Bagamoyo

Tarehe 22 Oktoba 1959 Tanganyika ilikuwa bado chini ya gavana wa Kiingereza. Siku hiyo Julius Nyerere alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam. Alikuwa ameingia humo mwaka uliotangulia kwa kura za Jimbo la Mashariki, ambalo Bagamoyo ilikuwa wilaya yake mojawapo. Alisema Watanganyika wangependa kuuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro, umulike hadi ng'ambo ya mipaka, ulete tumaini kwa waliokata tamaa, upendo penye chuki na heshima kwa wanaodharauliwa.

Ufundi wa maneno hayo uko katika mpangilio. Ni mambo matatu, kila moja likikabiliana na adui yake, kwa mdundo wa sala ambayo Wakatoliki wenzake huihusisha na Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Heshima aliiweka mwisho, nayo ndiyo iliyobeba uzito wote. Serikali ya kikoloni ilizitenga shule kwa rangi ya ngozi. Hata sanduku la kura halikupona: katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake iharibike. Kwa watu waliotendewa hivyo, neno heshima halikuhitaji kufafanuliwa.

Lakini kishindo cha hotuba kilikuwa kwingine. Nchi ambayo yenyewe haijawa huru iliahidi kuwafaa majirani. Nyerere hakuishia kudai haki ya watu wake, aliwatwika wajibu.

Wajibu huo ulitimizwa. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge kileleni. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam. Bagamoyo, mji uliowahi kupokea misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka bara, ukaipokea shule ya sekondari ya Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, mwaka 1970. Vijana wa Msumbiji walisoma hapo huku nchi yao ikiwa vitani, na miongoni mwa walimu wao alikuwa Graça Simbine, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel.

Gharama haikuwa ndogo. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa Frelimo, aliuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Tanzania haikurudi nyuma, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Hotuba hupimwa kwa yale ambayo wasikilizaji wako tayari kuyagharimia, na kwa kipimo hicho hii ni miongoni mwa hotuba kubwa za Afrika. Walimu wa Pwani, Mwenge wa Uhuru unapopita wilayani kwenu, msiwaache wanafunzi waishie kushangilia. Waelezeni Bagamoyo ilifanya nini.