Seli Shina za Utumbo na Mwambao wa Ziwa Mweru: Historia ya Maarifa Yaliyosafiri Kati ya Maabara na Kijiji

IKISIRI

Makala haya yanafuatilia historia ya maarifa kuhusu utando wa ndani wa utumbo mwembamba, hasa ishara za kiseli zinazoongoza seli shina zake, na yanayahusisha maarifa hayo na afya ya watoto wa Nchelenge na mwambao wa Ziwa Mweru, Mkoa wa Luapula, Zambia. Yanaonyesha kuwa Afrika Mashariki na Kati haikupokea tu sayansi hii kutoka nje. Vipande vya utumbo vilivyochunguzwa Kampala katika miaka ya 1960 na Lusaka tangu mwishoni mwa karne ya 20 vilitangulia, kwa njia mbalimbali, maswali ambayo maabara za Ulaya zilikuja kuyajibu kwa kutumia panya. Makala yanahitimisha kwamba sera ya udumavu inayohesabu chakula pekee bila kuhesabu utumbo unaokipokea chakula hicho itaendelea kupata matokeo madogo.

1.0 Utangulizi

Nchelenge ni wilaya ya wavuvi na wakulima wa mihogo. Kashikishi, kituo chake kikubwa ziwani, kina soko la samaki na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na wavuvi, wachuuzi na wagonjwa huvuka mpaka huo kila siku. Kisiwa cha Kilwa na madago ya uvuvi hukaliwa na watu wanaohamahama kulingana na samaki, mara nyingi wakitegemea maji ya ziwa kwa kunywa na kwa mengine yote.

Katika mazingira haya kuna fumbo la zamani. Samaki wapo, zikiwemo chisense, dagaa wa Mweru wanaoanikwa juani na kuuzwa mbali. Hata hivyo, Utafiti wa Demografia na Afya wa Zambia wa mwaka 2018 ulikuta kuwa asilimia 35 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mikoa ya Kaskazini na Luapula ilikuwa juu kabisa, zaidi ya asilimia 40. Kwa nini mtoto anayekaa kando ya protini nyingi hivyo hakui? Jibu la kwanza, umaskini, ni la kweli lakini halitoshi. Jibu la pili limo ndani ya utumbo, na historia yake ndiyo mada ya makala haya.

2.0 Utumbo Ulivyotazamwa Kabla ya Hadubini

David Livingstone alifika Ziwa Mweru mwezi Novemba 1867, akaingia katika mji wa Kazembe, ambako wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa wamemtangulia. Shajara zake za miaka iliyofuata zimejaa malalamiko ya kuharisha na kutokwa damu tumboni. Alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini ya Ziwa Bangweulu, wafuasi wake waliamua kuupeleka mwili pwani. Aliyeupasua ni Farijala, mtu aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar. Alitoa viungo vya ndani na kuona donge la damu lenye ukubwa wa kiganja upande wa kushoto.

Tukio hilo si utafiti, lakini linaonyesha mpaka wa maarifa ya wakati ule. Macho yaliweza kuona damu na uvimbe tu. Utando wa utumbo haukuweza kusomwa, kwa sababu huharibika saa chache baada ya kifo. Kwa karibu karne moja iliyofuata, madaktari wa tropiki walijua maradhi ya utumbo kwa kinyesi na kwa maiti, wala hawakujua sura ya utumbo ulio hai.

3.0 Kampala na Swali la Sura

Mabadiliko yalikuja mwaka 1957, William Crosby na Heinz Kugler wa Marekani walipotengeneza kapsuli ndogo ya chuma iliyomezwa ikiwa imefungwa kwenye mrija, ikakata kipande kidogo cha utando na kurudi nacho. Kifaa hicho kilifika Kampala mapema. Mwaka 1964 Banwell, Hutt na Tunnicliffe walichapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki uchunguzi wa vipande vya utumbo vya Waganda na Waafrika wengine wa Uganda. Mwaka uliofuata, Hutt na Tunnicliffe pamoja na Stanfield walieleza utumbo wa watoto wenye unyafuzi. Mwaka 1969 Cook, Kajubi na Lee walirudia swali hilo kwa upana zaidi.

Walichokiona kilisumbua vitabu vya kiada. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vilisema utando wa utumbo una vijidole vyembamba, virefu, vinavyoongeza eneo la kufyonza chakula. Kampala, kwa watu waliojihisi wazima, vijidole hivyo mara nyingi vilikuwa vipana kama majani au vimeungana kama matuta. Swali likawa: je, hii ni sura ya kuzaliwa nayo au ni alama ya mazingira?

Ushahidi kutoka kwingineko ulisaidia kulijibu. Vijana wa Marekani waliojitolea kufanya kazi Pakistan walipata mabadiliko kama hayo baada ya kuishi huko, kama Lindenbaum na wenzake walivyoripoti mwaka 1966, na utumbo wao ulirudi katika hali yake baada ya kurejea kwao. Kwa hiyo haikuwa asili ya watu bali mahali wanapoishi. Hali hiyo leo huitwa enteropathi ya mazingira: vijidole vifupi, uvimbe wa kudumu, ukuta unaovuja na ufyonzaji hafifu, bila ya mwenye nayo kujiona mgonjwa.

Kampala ilikuwa imeuliza swali la sura. Haikuweza kuuliza swali la chanzo cha sura, yaani ni nini kinachoamua urefu wa kijidole. Jibu hilo lilihitaji elimu nyingine.

4.0 Ishara Zinazoongoza Seli Shina

Mwaka 1948 Leblond na Stevens walionyesha kwa panya kwamba utando wa utumbo hujijenga upya mfululizo. Kwa binadamu kazi hiyo huchukua takriban siku tatu hadi tano. Seli huzaliwa katika vijishimo vilivyo kati ya vijidole, hupanda juu, hufanya kazi ya kufyonza, kisha hudondoka kileleni. Kijidole ni kama foleni inayotembea: urefu wake hutegemea wangapi wanaingia chini na wangapi wanatoka juu. Mwaka 1974 Cheng na Leblond walipendekeza kwamba seli nyembamba zilizo chini kabisa ya kijishimo ndizo chimbuko la aina zote.

Ishara inayozitawala ilitoka mahali pasipotarajiwa. Jeni ya nzi isiyomruhusu kuota mabawa ikiharibika, na jeni ya panya inayohusiana na saratani ya matiti, iliyotambuliwa na Nusse na Varmus mwaka 1982, ziligunduliwa kuwa ndugu. Familia yao ikaitwa Wnt. Mwaka 1998 kundi la Hans Clevers, Uholanzi, liliondoa kwa panya protini ya Tcf-4, inayopokea amri ya Wnt ndani ya kiini cha seli. Vichanga walizaliwa bila seli zinazogawanyika katika utumbo mwembamba, wakafa upesi. Mwaka 2007 kundi hilohilo, kazi ikiongozwa na Nick Barker, lilitumia kipokezi Lgr5 kuzitambua seli shina zenyewe. Mwaka 2009 Toshiro Sato alikuza kutoka seli moja ya aina hiyo kijiutumbo kidogo ndani ya chombo cha maabara.

Picha iliyopatikana ni ya mizani. Wnt, nguvu zaidi chini ya kijishimo, huiambia seli ibaki shina na igawanyike. BMP, nguvu zaidi juu, huiambia iache kugawanyika na ikomae. Notch huamua iwapo seli changa itafyonza chakula au itatoa ute na homoni. Ishara ya EGF huchochea mgawanyiko. Mizani hii ikiegemea upande mmoja, saratani huweza kuzuka. Ikiegemea mwingine, utando hunyauka.

Mwaka 2011 Sato na wenzake waliongeza jambo muhimu: seli za Paneth, zinazojulikana kwa kutoa protini za kuua vijidudu, ndizo jirani wa seli shina na huzipatia Wnt. Uchunguzi wa baadaye kwa panya ulionyesha kwamba seli shina zinaweza kuendelea hata bila majirani hao, kwa kuwa seli za tishu iliyo chini ya utando nazo hutoa ishara hiyo. Hata hivyo wazo la msingi limebaki: seli shina haijitawali. Hutawaliwa na ujirani wake, na ujirani huo huathiriwa na vijidudu, chakula na uvimbe.

5.0 Lusaka: Ushahidi Uliotangulia Maelezo

Hapa Zambia inaingia katika historia hii si kama mpokeaji. Paul Kelly na wenzake wa Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu, Lusaka, walifuatilia watu wazima wa mtaa wa Misisi kwa miaka kadhaa, na mwaka 2004 waliripoti kuwa enteropathi ilikuwa imeenea miongoni mwao na kwamba hali ya utumbo ilibadilika kulingana na misimu. Mwaka huohuo walieleza kuwa seli za Paneth za baadhi ya wagonjwa zilikuwa zimepungukiwa na chembechembe zake za kinga, na kwamba hali hiyo ilihusiana na maambukizi na utapiamlo.

Taarifa hiyo ya pili ilisomwa wakati ule kama habari ya kinga. Miaka saba baadaye, seli hizohizo zilipotajwa kuwa walezi wa seli shina, ilipata uzito mpya. Mtu anayepungukiwa na chembechembe za Paneth huenda hapungukiwi na ulinzi tu, bali pia na mazingira yanayofaa ya kujenga upya utando. Hili ni pendekezo, si hukumu. Lakini ni pendekezo lililowezekana kwa sababu Lusaka ilihifadhi vipande na kuvisoma kwa makini.

Hatua ya tiba ilifuata. Homoni ya GLP-2, ambayo kazi yake ya kukuza utando ilionyeshwa Toronto mwaka 1996, huchochea seli za chini ya utando zitoe vichocheo vya ukuaji. Dawa inayoiga homoni hiyo, tedugulutaidi, iliwekwa katika jaribio la TAME lililofanyika Zambia na Zimbabwe na kukamilika mwaka 2021. Watoto 125 waliolazwa kwa utapiamlo mkali walipangwa katika makundi matano kwa siku 14. Kati ya tiba nne zilizojaribiwa, ni tedugulutaidi pekee iliyopunguza alama za uharibifu wa utando kwa kiwango kilichowekwa tangu mwanzo, na zote zilionekana salama. Jaribio lilikuwa dogo, la awamu ya pili, na kipimo chake kilikuwa alama za kinyesi, si vifo wala kimo.

6.0 Funzo la Kipindupindu

Je, maarifa ya ndani hivi yanaweza kumfikia mtoto wa dagoni? Kipindupindu kinatoa mfano. Ugonjwa huu umeirudia Zambia tangu mwisho wa miaka ya 1970, na Nchelenge ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopata mlipuko mwaka 2023. Sumu yake nayo ni wizi wa ishara: huishika swichi ya protini ndani ya seli za utumbo isizimike, na seli humwaga chumvi na maji bila kikomo.

Mwaka 1960, mjini Prague, Robert Crane alieleza kuwa utumbo hufyonza glukosi na sodiamu kwa pamoja. Njia hiyo hubaki wazi hata kipindupindu kinapotawala. Mwaka 1968 watafiti wa Dhaka walithibitisha kwamba wagonjwa wanaweza kunywa mchanganyiko wa sukari na chumvi na kupona, na mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliutumia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, ambako vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Maarifa ya seli yakawa pakiti inayouzwa dukani Kashikishi.

Tofauti ni hii: kipindupindu ni dhoruba ya siku chache, na utando hubaki mzima. Enteropathi ni mmomonyoko wa miaka. Haina pakiti.

7.0 Hitimisho

Majaribio makubwa ya maji, vyoo na unawaji mikono, yakiwemo yale ya magharibi mwa Kenya yaliyochapishwa mwaka 2018 na ya SHINE nchini Zimbabwe mwaka 2019, hayakuongeza kimo cha watoto. Wako waliohitimisha kuwa usafi hauna maana. Historia iliyoelezwa hapa inaelekeza kwingine. Utando unaojijenga upya kila siku chache unaweza kupona upesi, kama wale vijana wa Marekani walivyoonyesha. Lakini wao walihama mazingira yote, hawakupewa choo kimoja katika kijiji kilekile. Kipimo kidogo mno cha dawa hakithibitishi kuwa dawa haifai.

Kwa washauri wa sera mambo matatu yanafuata. Kwanza, mipango ya lishe ya Luapula ipime hali ya utumbo, kwa alama za kinyesi zilizo rahisi kukusanya, sambamba na uzito na kimo. Pili, ipime kwa misimu. Uvuvi hufungwa rasmi kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, ndani ya mvua, wakati kipato hupungua na maji huchafuka kwa pamoja. Takwimu ya mara moja kwa mwaka haiwezi kuona mwingiliano huo. Tatu, ushahidi uliojadiliwa hapa ulitoka Kampala, Lusaka na Harare. Nchelenge ina kituo cha utafiti cha Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola, chenye uzoefu mrefu wa malaria, na msingi huo ungeweza kubeba swali la utumbo pia.

Dawa za kuchochea seli shina zitaendelea kujaribiwa, na zinastahili. Lakini ishara kubwa kuliko zote inayofika kwenye kijishimo cha utumbo wa mtoto wa Mweru hutoka katika kikombe cha maji anachopewa asubuhi. Kikombe hicho kisipobadilika, kila tiba itajenga juu ya utando unaobomolewa siku ileile.