Kadi ya mpiga kura: asikuibie mtu jina
Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini. Mwenye kuiba kura huanza kwa kuiba jina. Ndiyo maana sheria ya Desemba 2004 ilikataza Mkongomani kujiandikisha mara mbili. Mwaka 2005 raia walianza kupewa kadi zenye picha, na katika uchaguzi wa 2006 kila aliyepiga kura alitiwa wino kidoleni asirudi tena. Hata hivyo, mwaka 2018 tume ya uchaguzi CENI iliondoa orodhani majina zaidi ya milioni 5 yaliyojirudia nchini.

Kwa kuwa wengi hawana kitambulisho kingine, kadi hiyo ndiyo huonyeshwa kwenye vizuizi vya barabarani na penye misaada. Anayetumia kadi ya mwenzake humwibia zaidi ya kura. Na katika kukimbia vita, kadi hubaki nyumbani au huungua nayo.

Tarehe 20 Desemba 2023, watu wa Walikale walipiga kura. Masisi hakukuwa na uchaguzi, sababu ya vita. Huko mwizi wa kura hakuhitajika: mwenye kadi na asiye nayo, wote walikosa sauti.