Wazazi wa watoto wenye otisimu: kutoka kulaumiwa hadi kufundishwa

PANDA, LIKASI – Mtoto asiyesema, anayejiuma mkono ao kupiga kichwa ukutani, huleta swali moja mtaani: kosa ni la nani? Historia ya otisimu, ambayo wengine huita usonji, inaonyesha kwamba hata wataalamu wakubwa walikosea kulijibu.

Mwaka wa 1943, Likasi ikiwa bado inaitwa Jadotville, daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza hali ya watoto 11 wa namna hiyo. Baadaye wataalamu wengi walisema chanzo ni mama asiye na upendo. Bruno Bettelheim alieneza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka wa 1967. Akina mama walibeba aibu isiyo yao.

Bernard Rimland, baba wa mtoto mwenye otisimu, alikuwa amelipinga tangu 1964: shida iko katika ubongo, si katika malezi. Naye Eric Schopler, huko North Carolina, aliwafundisha wazazi kuwasaidia watoto wao. Mwaka wa 1972 jimbo hilo lilifanya kazi yake kuwa programu ya serikali.

Nchini Kenya, wazazi walianzisha chama chao mwaka wa 2003. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitengeneza mafunzo ya wazazi yaliyojaribiwa hata Addis Ababa, Ethiopia, likayatoa rasmi mwaka wa 2022: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani. Anayefundisha si lazima awe daktari.

Msingi wake ni huu: fujo ya mtoto ni ujumbe. Mzazi anatazama kilichotangulia: njaa, maumivu, kelele ao badiliko la ghafla. Anamfundisha njia nyingine ya kuomba, kama kushika kikombe akitaka maji, na kumsifu palepale. Fimbo haimfundishi kusema. Kwa familia zilizokimbia makwao, kula na kulala saa zilezile kunamrudishia mtoto utulivu uliopotea njiani.

Hapa Kongo, lawama mara nyingine humwangukia mtoto mwenyewe: anaitwa mlozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaadhibu mashtaka hayo. Mtoto kama huyo apelekwe kwanza kituo cha afya, masikio yake yapimwe na maumivu yatafutwe.